Mkono Uliojua Mno

Kazi yake, ukiitaja kwa kifupi, haikuwa na heshima hata kidogo: alikuwa anachoma panya miguuni kwa unywele. Miaka kumi na moja. Mashemeji wakimuuliza kwenye harusi siku hizi anafanya nini, alijibu, "Niko maabara ya chuo kikuu," akaishia hapo hapo, maana akiongeza sentensi moja tu watu walianza kusogeza viti. Kazini walimwita Mama Unywele, na jina likamkaa kama alizaliwa nalo.

Nywele zenyewe hazikuwa za mtu. Zilikuwa nyuzi za nailoni, kumi na mbili, kila mmoja umechomekwa kwenye mpini wake wa plastiki. Wa kwanza ulikuwa mwembamba kama ukope, wa mwisho mgumu kama kijiti cha ufagio. Panya anawekwa kwenye kisanduku chenye kuta za plastiki juu ya meza ya wavu. Unamsubiri atulie. Kisha unapandisha unywele kutoka chini, unamgusa katikati ya wayo mpaka unywele ujipinde. Panya mzima akiguswa na unywele wa nane hashughuliki. Anakuangalia kama mtu aliyekanyagwa kidogo kwenye foleni na ameamua kusamehe. Lakini panya aliyebanwa neva ya paja, hata baada ya kidonda kupona na manyoya kuota, anaguswa na unywele wa tatu tu anaurusha mguu, anaukung'uta, anauramba, na angekuwa na maneno angekutukania ukoo. Hapo unaandika: ndiyo. Asipofanya kitu unaandika: hapana. Panya ishirini na wanne, kila Jumatatu na Alhamisi.

Usidhani ni kazi ya mtu yeyote. Kuna panya anayeinua mguu kwa maumivu, kuna anayeinua kwa sababu ameamua kuhama kona, na kuna anayeinua kwa ujeuri tu. Mama Unywele alikuwa anawatofautisha kama mama anavyotofautisha kilio cha njaa na kilio cha deko. Ndiyo maana Profesa hakukubali mtu mwingine aguse zile nywele.

Profesa alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani mikubwa kuliko uso, mtaalamu wa ubongo na neva. Wageni wakija maabara aliwapa hadithi ile ile, na Mama Unywele aliijua hadi mahali pa kuvuta pumzi.

"Kila mtu anazisifu seli za neva," Profesa alikuwa anasema. "Seli za neva ndizo mabosi, zinapiga simu huku na huku. Lakini pembeni yao kuna seli saidizi. Hizo ndizo zinawalisha, zinafagia, zinalinda geti. Sasa neva ikikatika mkononi, taarifa inafika kwenye uti wa mgongo, na seli saidizi zinaamka zote, zinapiga kelele za mwizi. Vizuri. Mwizi anaondoka, kidonda kinapona. Zenyewe hazinyamazi! Miezi, miaka, mwizi mwizi mwizi. Kila kinachopita getini, hata upepo, kinapigwa. Ndiyo maana mtu anaguswa na shuka anasikia moto."

Profesa alikuwa na dawa ya zamani, iliyotengenezwa kwa ajili ya mambo mengine kabisa, ambayo alidhani inaweza kuwashika wale walinzi bega na kuwaambia: kaeni chini, ameshaondoka.

Kitu ambacho Profesa hakukijua ni kwamba nyumbani kwa Mama Unywele hadithi hiyo haikuhitaji panya. Mume wake alikuwa fundi vioo. Mwaka mmoja na nusu nyuma, kioo cha mlango wa duka kilimpasukia mikononi, kikamchana mkono wa kushoto kutoka kiwiko hadi karibu na kifundo. Hospitali walimshona vizuri mno, kovu limenyooka utafikiri limepigwa rula. Lakini tangu hapo mkono huo haukutaka kuguswa na kitu. Akakata mikono ya kushoto ya mashati yake yote. Walimwengu wakimcheka mtaani, aliwajibu kwamba huo ndio mtindo mpya na wao wamechelewa. Kubeba vioo aliacha. Alikaa dukani kupima na kupiga soga. Mama Unywele hakuwahi kuyasema haya kazini. Haikuwa siri. Hakupenda tu kuonewa huruma na watu wenye makoti meupe.

Sasa, kwenye majaribio ya namna hii kuna sheria moja iliyo kubwa kuliko zote: anayepima hajui nani amepewa dawa. Sindano za kila asubuhi zilichomwa na daktari wa mifugo wa chuo, mzee mmoja mwenye sauti ya zizini ambaye wote walimwita Daktari wa Ng'ombe. Panya kumi na wawili alikuwa anawapa dawa, kumi na wawili maji ya chumvi tu. Orodha aliiandika mwenyewe, akaitia kwenye bahasha, akaifunga, akasaini juu ya gundi, na bahasha ikafungiwa kwenye droo ya Profesa mpaka jaribio liishe. Mfagiaji ndiye aliyesafisha vizimba na kuwahamishia panya kwenye visanduku vya kupimia. Mama Unywele aliingia mwisho, akakuta panya na namba. Huyu ni tisa, yule ni ishirini. Basi.

Wiki ya tatu mfagiaji akajifungua, wiki mbili kabla ya siku aliyoandikiwa. Mtu wa kushika nafasi yake akawa wa kesho, kesho, kesho. Panya hawasubiri barua za utumishi. Vizimba vikaanza kunuka. Mama Unywele akafunga kitambaa puani, akachukua koleo na gunia la maranda, akavisafisha mwenyewe.

Kizimba cha kwanza, maranda yalikuwa ya rangi ya maranda. Cha pili hivyo hivyo. Cha tatu yalikuwa ya manjano, manjano ya karatasi iliyosahauliwa juani. Cha nne, manjano. Cha tano, kawaida. Alipofika cha kumi na mbili alikuwa ameshasimama, koleo mkononi, anahesabu kwa midomo. Alipofika cha ishirini na nne alikuwa na manjano kumi na mbili na kawaida kumi na mbili.

Dawa ilikuwa inatoka kwenye mkojo. Mfagiaji alikuwa ameiona tangu siku ya kwanza, ila kwake mkojo ulikuwa mkojo.

Mama Unywele aliyamwaga yote kwenye mfuko mmoja mweusi, akafunga fundo, akajiambia hajaona kitu. Lakini kichwa chake kilikuwa kilekile kilichokariri namba za simu za nusu ya ukoo. Tatu, nne, saba, nane, kumi na moja... Alhamisi ilipofika, alipopiga magoti chini ya meza ya wavu, hakuwa anaona namba tena. Alikuwa anaona wenye dawa na wasio na dawa.

Panya namba kumi na saba alikuwa wa dawa. Unywele wa tano ulipomgusa aliinua mguu. Aliinua kidogo, akaurudisha. Mama Unywele alikaa pale chini na penseli yake. Ameinua? Au alikuwa anataka kugeuka? Kweli, alikuwa kama anageuka. Akaandika: hapana.

Panya namba kumi na nane, wa maji ya chumvi, alifanya vile vile. Akaandika: ndiyo.

Hakuna aliyemtuma. Hakudhamiria. Wiki ya nne ikapita, ya tano, ya sita, na kila Jumatatu mistari miwili kwenye ukuta wa Profesa, ambayo Daktari wa Ng'ombe aliichora kwa wastani wa kila kundi bila kutaja namba za panya, ilizidi kuachana kama ndugu waliogombania urithi. Mstari wa maji ya chumvi ulilala chini, kwenye unywele wa tatu. Mstari wa dawa ulipanda mpaka wa nane, ule ambao panya mzima hashughuliki nao.

"Mama, hebu njoo," Profesa alimwita, mikono kiunoni mbele ya ile chati. "Nimefanya kazi hii miaka ishirini na mbili. Mstari kama huu sijawahi kuuona kwa macho yangu."

"Umependeza, Prof."

"Umependeza? Umependeza! Ijumaa ijayo naupeleka kwenye kamati ya hospitali. Wakikubali, tunaanza kuandikisha wagonjwa. Watu, mama. Siyo hawa wenye mikia."

Mama Unywele alitabasamu, na kweli alifurahi, na chini ya furaha kulikuwa na kitu kama kokoto ndani ya kiatu.

Kokoto hiyo alikwenda nayo nyumbani. Kwa mume wake hakusema habari za maranda. Alisema kuna dawa inafanya maajabu, na huenda siku si nyingi wakahitaji watu wenye mikono kama wake. Wiki ile alipika huku anaimba. Alikunja nguo huku anaimba.

Jumapili mchana mume alikuwa amekaa barazani, miguu nje ya ndala, mkono wa kushoto umelala juu ya mto kama mgeni.

"Nipime na mimi," alisema.

"Nikupime nini?"

"Maumivu, kwa zile nywele zako. Panya wamefaidi miaka kumi na moja, mimi mume wa ndoa sijaguswa hata mmoja."

Alikuwa na seti ya zamani, iliyostaafishwa kwa kupinda. Akaileta.

"Fumba macho."

"Nimefumba."

"Unachungulia, baba."

"Namchungulia mke wangu. Kuna sheria?"

Alimgusa kando ya kovu kwa unywele wa pili. "Hapana," mume akasema. Wa tatu. "Hapana." Wa nne. "Hapana. Umegusa kweli au unanitania?" Wa tano. "Hapana, mama. Mbona leo mkono umetulia hivi?"

Sauti ilikuwa shwari kabisa. Lakini Mama Unywele alikuwa mtu wa kuangalia miguu, ndiyo kazi yake, na aliona vidole vya mguu wa mume wake vimejikunja vyote kumi, vimeshika sakafu kama vinazuia nyumba isiondoke. Akamtazama juu ya mdomo. Jasho.

"Unanidanganya."

"Nani?"

"Wewe. Inauma."

Mume alifumbua macho. Akauangalia mkono, kisha akamwangalia yeye. "Inauma kama shetani," alisema. "Lakini wiki nzima unaimba. Mara ya mwisho kukusikia unaimba ni kabla ya kile kioo. Sasa mimi niseme inauma ili iweje? Unyamaze?"

Mama Unywele alizirudisha nywele kwenye boksi, moja moja, kwa mpangilio wa namba. Alimkasirikia kama dakika mbili hivi. Halafu akatambua kwamba kile alichokuwa anamkasirikia, yeye alikuwa amekifanya kwa panya namba kumi na saba, na kwa wengine asiowakumbuka, wiki nne mfululizo, na kwamba Ijumaa kitaingia kwenye kamati kimevaa tai.

Jumatatu asubuhi aliwakuta Profesa na Daktari wa Ng'ombe wanakunywa chai ofisini, wanachagua rangi za mistari kwa ajili ya kamati.

"Prof, mimi najua," alisema, bado yuko mlangoni.

"Unajua nini?"

"Najua nani ana dawa. Wote. Tangu wiki ya tatu."

Daktari wa Ng'ombe aliweka kikombe chini kwa kishindo. "Haiwezekani! Bahasha imefungwa. Nimesaini mpaka kwenye gundi!"

"Bahasha imefungwa, Daktari. Mkojo haujafungwa."

Akawaeleza. Maranda, koleo, manjano kumi na mbili. Daktari wa Ng'ombe akajipiga paji la uso. Ng'ombe amekojoa mbele yake miaka thelathini na hakuwahi kuwaza kwamba wenye dawa watakojoa rangi.

"Na mkono wako?" Profesa aliuliza polepole. "Umeandika uongo?"

"Sijui, Prof. Hilo ndilo baya. Ningejua wapi nimedanganya ningefuta. Kuna wengine nadhani waliinua mguu nikasema wamegeuka." Akautazama mkono wake. "Mume wangu ana mkono wa namna hii hii. Nilitaka dawa ifanye kazi. Naona mkono wangu ulitaka zaidi kuliko mimi."

Profesa alivua miwani. Bila miwani alionekana mtoto wa shule.

"Siku nne kabla ya kamati," alisema.

"Ndiyo."

"Ungenyamaza, nisingejua mpaka naingia kaburini."

"Ndiyo, Prof."

"Kamera ya kuwarekodi tuliiomba mwaka juzi, bado inaombwa." Profesa aliinuka, akaenda kwenye ukuta, akaitoa chati, akaikunja mara mbili. "Mwanamke wewe umeniua. Nilishampigia mama yangu kumwambia habari za huu mstari." Akakaa. Mama Unywele akawa anawaza atakavyopanga vitu vyake kwenye boksi: kikombe, kandambili, sweta. Ndipo Profesa akasema, kwa sauti ya mtu anayesukuma gari lililozima, "Haya. Tunaanza upya. Kaa chini, usinisimamie kama askari. Nani alikwambia uondoke?"

Kamati ikaahirishwa. Simu hiyo Profesa aliipiga mwenyewe, mlango umefungwa, na alipotoka hakuna aliyemuuliza kitu. Panya wapya ishirini na wanne wakaagizwa. Daktari wa Ng'ombe, aliyekuwa anatafuta namna ya kujikomboa, ndiye aliyeleta suluhu ya mkojo: kuna vitamini moja humfanya mtu yeyote akojoe manjano ya kung'aa, wapewe wote, wa dawa na wa maji ya chumvi, sawasawa, na hapo atakayetofautisha ni mchawi. Profesa akakubali. Akaongeza sharti moja: safari hii wapimaji wawe wawili, kila mmoja na daftari lake, bila kuonyeshana.

"Na wa pili nataka mtu asiyejali," alisema. "Mtu ambaye dawa ikifanya kazi sawa, isipofanya sawa."

Wote watatu wakageuka kuelekea mapokezi.

Karani wa mapokezi alikuwa mwanamume wa makamo mwenye mashati ya pasi na woga wa panya uliojulikana mpaka jengo la pili. "Mimi kutojali najua," alisema alipoelezwa. "Naweza hata kuandika barua kwamba sijali. Lakini kuwagusa wale, dada yangu, hapana."

"Huwagusi. Unawagusa na unywele."

"Unywele unashikwa na nani?"

"Na wewe."

"Basi nimewagusa."

Ilichukua siku kumi. Siku ya kwanza alipima kwa macho yaliyofumbwa, na Mama Unywele akamwambia kinachotakiwa ni kutojua, siyo kutoona. Siku ya tatu panya alipiga chafya naye akatoka mpaka korido. Siku ya sita aliweza kupiga magoti chini ya wavu bila kushika mguu wa meza. Mama Unywele alimfundisha kila kitu alichokuwa nacho: kwamba mguu wa maumivu huruka kwanza halafu panya anafikiri, na mguu wa kuhama kona panya anafikiri kwanza halafu unaondoka. Kwamba ukisitasita, usiamue. Subiri dakika tano urudie. Sheria hii ya mwisho aliitunga mwenyewe, kwa ajili ya mkono wake kuliko wa Karani.

"Huyu wa tisa ananichukia," Karani alinong'ona siku moja.

"Andika ndiyo au hapana. Chuki hatuna safu yake."

Wiki nane walipima. Maranda yote yaling'aa manjano, kizimba hadi kizimba, na Mama Unywele, kwa mara ya kwanza tangu yale mambo, alipiga magoti akaona namba na miguu tu. Hakulala vizuri hata hivyo. Kutojua, aligundua, ni kazi ngumu ukishawahi kujua. Mume alimuuliza kila Jumatatu kuna nini, na kila Jumatatu alimjibu: "Sijui. Na hiyo ndiyo habari njema."

Siku ya kufungua bahasha mpya ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, dirisha wazi. Daktari wa Ng'ombe alikagua saini yake kwenye gundi kama mtu anayekagua noti bandia, kisha akachana. Akaanza kusoma: namba moja, maji; namba mbili, dawa. Karani alihamisha nukta kutoka madaftarini kwenda kwenye karatasi ya miraba, nyekundu kwa dawa, bluu kwa maji, ulimi nje kwa umakini. Nukta ya mwisho ilipokaa, Profesa aliunganisha kwa rula.

Mstari wa bluu ulikuwa kwenye unywele wa tatu. Mwekundu haukufika wa nane. Haukufika hata wa sita. Uliishia kwenye wa tano, ukalala pale. Daftari la Karani na daftari la Mama Unywele, ukiyaweka pamoja, yalipishana kwa upana wa unywele wa kichwani, si zaidi.

"Ndogo," alisema Daktari wa Ng'ombe.

"Ndogo," Profesa akakubali. Aliweka kidole katikati ya mistari miwili, na kidole kikaenea. "Lakini ipo. Nyie, ipo! Yule mtu asiyejali kabisa ameiona, na mwenye mume ameiona, na wameona kitu kimoja." Akamwangalia Mama Unywele. "Kwa ule mstari wa kwanza tungewapa watu dozi ndogo tukitegemea miujiza, ingeshindwa, na dawa ingetupwa jalalani. Kwa huu, najua niombe nini. Dozi kubwa zaidi, kuanza mapema zaidi. Naenda kwenye kamati na huu."

Vipande vya uti wa mgongo wa panya hao, vilivyoletwa wiki iliyofuata, vilisema hayo hayo: kwa panya wa maji ya chumvi seli saidizi zilikuwa zimevimba kama ngumi, kwa wa dawa baadhi yake, siyo zote, zilikuwa zimerudi kunyoosha matawi yao membamba. Karani aliomba kuangalia kwenye hadubini, akaangalia muda mrefu kuliko inavyotakiwa kwa mtu asiyejali, na Profesa akamwambia amefukuzwa kazi ya upimaji, tayari ameharibika.

Lakini siku ile ya bahasha, kabla ya hayo yote, Mama Unywele alitoka kwenye ngazi za nje akampigia mume wake.

"Sema," mume akasema. Nyuma yake kioo kilikuwa kinakatwa.

"Ipo. Ni ndogo. Haitoshi mkono wako."

"Haitoshi sasa, au haitoshi milele?"

"Sasa. Kuna panya wengine, halafu wengine tena, halafu watu wachache, halafu watu wengi. Miaka, baba. Sikudanganyi."

Kule kioo kikanyamaza. "Kabla ya hii ilikuwa sifuri, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi mimi ni mtu wa vipimo. Kati ya sifuri na kidogo, hapo ndipo kuna kazi ngumu. Kutoka kidogo kwenda kikubwa ni kusukuma tu." Akakohoa. "Waambie hao panya wafanye bidii, nami siendi popote."

Mama Unywele alicheka mpaka mlinzi wa geti akageuka. Kisha akakata simu, akafunga vifungo vya koti, akarudi ndani, maana kundi jipya la panya lilikuwa linaingia saa sita, na kabla hawajaguswa na unywele wowote wanatakiwa siku saba za kuzoea mikono.